Mtangazaji wa Kipindi cha Pili

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya akina Jemima pale Acocks Green, mtaa mmoja wa Birmingham, iliamka kwa lugha mbili. Mama yake, Jelagat, aliyekuwa muuguzi, aliingia kutoka zamu ya usiku akiuliza kwa Kiswahili kama chai ilikuwa tayari. Jemima akamjibu kwa Kiingereza kwamba imo kwenye chupa. Baba yake, Barnabas, aliuliza kwa Kiswahili viatu vyake viko wapi. Jemima akamjibu kwa Kiingereza kwamba viko chini ya ngazi. Hakuna aliyeona ajabu. Mama alikuwa Mkalenjin na Baba Mluhya, na tangu walipooana kule Kitale, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao. Binti yao, aliyezaliwa Birmingham miaka kumi na miwili iliyopita, alikielewa chote. Kukisema ndiko alikokuwa hajajisumbua nako.

Jambo moja tu lilimtia aibu: simu ya Nyanya, mama mzazi wa Baba. Kila Jumapili Nyanya alipiga kutoka Kitale, akamsalimu, akamwuliza habari za shule. Jemima alijibu, "Nzuri, Nyanya," kisha akamrudishia Baba simu upesi kana kwamba ilikuwa inamchoma vidole.

Kila kiangazi, familia zilizotoka Kenya, Tanzania na Kongo zilikutana katika uwanja mmoja wa Hodge Hill kwa mechi ya watoto wa mitaa miwili: Acocks Green dhidi ya Hodge Hill. Mtangazaji alikuwa Mwalimu Hillow, Msomali wa Garissa aliyelelewa katika shule ya bweni na ambaye sasa alifundisha hesabu mjini. Alikuwa mtu mkali, asiyevumilia uvivu wala uongo. Lakini akishika kipaza sauti, akina mama wazima waliruka kama watoto! Mwaka huo alitoa habari iliyomrusha moyo Jemima: kipindi cha pili kingetangazwa na mtoto.

"Nani ataweza?" aliuliza Mwalimu.

Mkono wa Jemima ulitangulia mikono yote.

"Jemima. Unakisema Kiswahili, au unakielewa tu?"

"Ninakisema, Mwalimu. Ndicho tunachozungumza nyumbani."

Rafiki yake Najmo, mshambuliaji wa Acocks Green, aligeuka akamkodolea macho. "Wewe?" alinong'ona. "Lini? Mbona mimi sijawahi kukusikia?"

Jemima alimjibu kwa Kiingereza kwamba anaelewa kila kitu, na siku ikifika maneno yatatoka yenyewe.

Jioni hiyo Baba alimpasha Nyanya habari. Macho ya Nyanya yalikuwa yamefifia, na kwa miaka mingi mpira aliufuata kwa redio tu. "Mjukuu wangu mtangazaji!" alipaza sauti. "Barnabas, siku hiyo uiweke simu karibu na spika. Nitawaita majirani wote!"

Tangu hapo, kila Mwalimu Hillow alipomwuliza Jemima kama alikuwa akifanya mazoezi kwa sauti, alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Ukweli ni kwamba alitazama mechi kwenye simu, akajiona moyoni mwake akishangiliwa, basi.

Siku ya majaribio ilifika, wiki mbili kabla ya mechi yenyewe. Mwamuzi alipuliza filimbi. Jemima alisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Mpira... mpira uko na... ana... anakimbia..."

Kufikia hapo mpira ulikuwa umepita kwa wachezaji watatu. Jemima aliyajua maneno yote. Aliyasikia kichwani waziwazi, kwa sauti ya Mama, kwa sauti ya Baba. Kwa sauti yake mwenyewe hayakuwapo. Alijaribu tena, akakwama, akakimbilia Kiingereza. Wazazi wa Kikongo waliokaa pembeni wakaanza kuulizana anasema nini.

Mubarik, beki wa Hodge Hill, alisimama katikati ya uwanja. "Mtangazaji!" alipiga kelele. "Wewe bado uko jana! Sisi tumeshafunga bao!"

Uwanja mzima ulicheka. Mwalimu Hillow alikichukua kipaza sauti, akamalizia mwenyewe. Kisha akamwita kando.

"Ulifanya mazoezi?"

Jemima alifikiria kusema kwamba koo lilimwuma. Akamkumbuka Nyanya na majirani wake wamekaa wakisubiri.

"Hapana, Mwalimu," alisema taratibu, akilitafuta kila neno. "Nilidanganya. Na siku ile... nilisema ninakisema. Sikisemi. Ninasikia tu."

Mwalimu alikizima kipaza sauti. "Kutojua si kosa. Kosa ni kuniibia wakati. Ungesema kweli siku ile, tungeanza kazi siku ile. Bado unaitaka nafasi hii?"

"Ninaitaka sana, Mwalimu."

"Basi kuanzia leo utatangaza maisha yako. Ukiosha chombo, utangaze. Ukipanda ngazi, utangaze. Kwa sauti, mpaka nyumbani wakuchoke. Ukikosea, usisimame, mpira haumsubiri mtu."

Nyumba ya Acocks Green haikupata utulivu tena!

"Mama anashika mwiko!" Jemima alitangaza jikoni. "Anakoroga! Ugali unakaza, ugali unakataa, Mama anaubana kwenye ukingo wa sufuria! Lo! Umeponyoka!"

Mama, aliyetoka kazini hoi, alicheka mpaka akaegemea jokofu. "Usinitie haraka, mtoto! Nitaunguza!"

Baba alitangazwa akitafuta viatu. Paka wa jirani alitangazwa akivuka ua. Ndani ya basi, Jemima na Najmo walitangaza kwa kunong'ona abiria waliowania viti. Mwanzoni maneno yalikuja yakichechemea, mengine yakiwa yamepangwa vibaya, na Baba akayanyoosha. Asubuhi moja Mama aliuliza kama chai ilikuwa tayari, na Jemima akajibu kwa Kiswahili pasipo kufikiri. Mama akajifanya anatafuta sukari.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Baba aliiweka simu karibu na spika. Mubarik alipita akiruka-ruka. "Mtangazaji, leo uko siku gani?"

"Leo nimekutangulia, Mubarik. Kimbia unifikie!"

Kipindi cha pili kilianza timu zikiwa bao moja kwa moja.

"Haya, mpira umeanza! Hodge Hill wanashambulia! Mubarik anapanda, anampiga chenga wa kwanza, wa pili, jamani, anaingia kwenye boksi... ameangushwa! Penalti!" Sauti yake ilipanda. "Makungu yuko golini, mtoto wa Bukavu! Anapangusa mikono. Mubarik anarudi nyuma, anakuja, shutiii... Makungu ameudaka! Ameudaka!"

Akina mama wa Kikongo walivamia mstari wakicheza. Jemima alikosea neno hapa na pale, hakusimama.

"Makungu anaurusha mbali! Najmo anao! Wako wawili tu, yeye na kipa! Najmo, usitazame nyuma, dada yangu, piga! Bao! Baoooo!"

Uwanja ulilipuka. Muda mfupi baadaye filimbi ya mwisho ilipulizwa, mabao mawili kwa moja, na Mubarik mwenyewe akaja kumpa mkono. "Umenitangaza vizuri, hata nilipokosa," alisema akicheka.

Mwalimu Hillow aliwakusanya watoto wote. "Sikilizeni," alisema. "Wengi wenu mna lugha ya wazazi wenu masikioni, mkadhani mmeshaipata. Hamjaipata mpaka muifanyie kazi kwa midomo yenu, mkosee mbele za watu na muendelee. Jemima alianza kujifunza siku aliposema kweli kwamba hajui. Siku hiyo, si leo, ndipo nilipojua atatangaza mechi hii."

Sauti nyembamba ilikuwa ikiita karibu na spika. "Barnabas! Barnabas! Mpe simu mjukuu wangu!"

Baba alimletea, akabaki na mkono wazi, tayari kuipokea mara moja kama kawaida. Jemima aliishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Nyanya. Umesikia?"

"Marahaba, mwanangu! Nimesikia yote! Lakini majirani wamepiga kelele, bao la mwisho likanipita. Lilikuwaje?"

Jemima alimpa Baba mgongo, akakaa kwenye nyasi. "Subiri, Nyanya, nikueleze. Makungu ameudaka mpira, sawa? Sasa anainua kichwa, anamwona Najmo..."