Kibanzi Kwenye Kinga ya Msumeno

Kila siku akitoka shule, Cherehani alipitia karakana ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu miguu yake haikutulia chini ya dawati. Ilipiga sakafu ko ko ko kama mtu anayeshona suruali. Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya kazi katikati, na unga wa mbao ulijaa kila mahali, hadi kwenye nyusi za mwenyewe.

Kazi ya Cherehani ilikuwa kufagia, kisha kusafisha msumeno wa betri, ule wenye bledi ya duara. Shangazi aliichomoa betri kwanza kwa mkono wake mwenyewe na kuiweka kwenye chaja. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa meno. Cherehani alichukua brashi kavu, akaivuta nyuma kinga, yaani kile kifuniko kinachoziba meno ya bledi, akaondoa unga ulioganda kwa utomvu. Kinga ilikuwa na springi. Ukiiachia, inarudi yenyewe. Kwa hiyo ilibidi uishikilie kwa mkono mmoja na kupiga brashi kwa mwingine, polepole, mpaka kidole gumba kife ganzi.

Jumatano ile wenzake walikuwa wanamngoja uwanjani wacheze mpira wa pete. Filimbi ililia mara ya kwanza, ikalia mara ya pili. Shangazi alikuwa nje anapokea mbao. Cherehani akaokota kibanzi, akakichomeka pembeni mwa kinga ili ibaki wazi, jambo alilokwisha kukatazwa zaidi ya mara moja. Alipiga brashi mara tano sita, akaurudisha msumeno kwenye rafu, akatimua mbio.

Kesho yake, kipindi cha tatu, mwalimu wa hisabati alichora duara ubaoni. Cherehani alikuwa ananakili. Alipofika nusu ya duara, kalamu ikasimama. Hakukumbuka kukichomoa kile kibanzi.

Labda nilikitoa, alijiambia. Alijaribu kuuona mkono wake ukikitupa chini, lakini kumbukumbu haikuja. Miguu ikaanza. Alitazama saa ya ukutani, akatazama dirisha, akarudi kwenye saa, na mshale ulikuwa palepale. Shangazi alikuwa amesema leo anakata mbao za rafu za zahanati.

"Wewe, unashona nini huko nyuma?" mwalimu aliuliza, na darasa likacheka.

Cherehani alisimama. "Mwalimu, naomba ruhusa niende kwa shangazi."

"Kuna nini?"

Neno "tumbo" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na mwalimu asingeuliza zaidi. Cherehani akalimeza. "Jana nimefanya kosa kwenye msumeno wake. Nadhani nimeacha kinga wazi. Yeye hajui, na leo anautumia."

Mwalimu alitoa simu, akapiga mara mbili. Iliita mpaka ikakata. "Hasikii kwa kelele," alisema. "Nenda, shule na karakana si mbali. Pita pembeni mwa barabara. Ukifika, anipigie."

Cherehani alipofika kona ya kwanza, alisikia msumeno ukilia. Ya pili hakumbuki hata alivyoipita.

Kutoka mlangoni aliuona mgongo wa shangazi ulioinama. Alitaka kumvuta nguo, lakini alijua kwamba mtu anayekata mbao hashtuliwi kwa nyuma. Akazunguka kando ya ukuta, mbali na ubao uliokuwa ukikatwa, mpaka akawa mbele yake, kisha akainua mikono yote miwili.

Shangazi alimwona kupitia miwani ya kazi. Akaachia kitufe, akauinua msumeno na kuutua mezani kama alivyozoea. Bledi ilikuwa bado inazunguka, na hapakuwa na kinga ya kuifunika. Meno yaling'ata meza. Msumeno ukaruka kinyumenyume. Shangazi aliung'ang'ania kwa mikono miwili mpaka bledi ikasimama, lakini tayari ulikuwa umepita kwenye aproni yake, juu kidogo ya paja.

Kipande cha aproni kilikuwa kinaning'inia. Shangazi alijipapasa paja, akautazama mkono. Hapakuwa na damu. Alichomoa betri, akaugeuza msumeno, akakiona kibanzi.

"Kimeingiaje humu?" alisema. "Labda kimeruka wakati nakata."

"Hakikuruka, shangazi," Cherehani alisema. "Nilikiweka mimi jana. Nilikuwa nawahi mpira."

Shangazi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Cherehani alitamani afokewe tu.

"Na darasani umetokaje?"

"Nilimwambia mwalimu ukweli. Anasema umpigie."

Shangazi alimpigia, akaongea kidogo, akarudisha simu mfukoni. "Sasa sikia na kosa langu," alisema. "Kila asubuhi, kabla sijaweka betri, naivuta kinga na kuiachia nione kama inarudi. Leo watu wa zahanati wamenihimiza, nikairuka hatua hiyo. Tena nimetua msumeno bila kungoja bledi isimame. Tumekosea wawili."

Akampa brashi. Cherehani aliishikilia kinga kwa kidole chake mwenyewe mpaka brashi ikatoka bila unga, kisha akaiachia mara kumi, na mara zote kumi ikafunika meno. Shangazi alikagua bledi, akakuta meno mawili yamevunjika, akaibadilisha bledi hiyo huku betri ikiwa bado mezani. Aliubana ubao upya kwa klempu pande zote mbili.

"Msumeno haujui huyu ni shangazi na ule ni ubao," alisema. "Unakata ulichopewa. Anayejua ni wewe unayeutunza na mimi ninayeushika. Kwa hiyo kazi ya kusafisha usiiache katikati, hata ukiitwa na nani. Na ukikosea, sema siku ileile. Leo umesema, lakini kwa kuchelewa, na nimebaki na miguu miwili kwa bahati. Aproni nitashona. Rudi darasani, mwanangu."