Sauti ya Pili Msimbu

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki. Ya pili Naila hakuisubiri.

Alililalia tangi la Boxer, akaikata kona ya mikorosho, akafunga breki na kugeuka, Glock mkononi. Hilux nyeupe iliyomfukuza tangu Mbwawa, Kibaha, ikatokeza mzimamzima. Akafyatua mara mbili. Dereva akalala juu ya usukani, gari likaparamia mti, na mwenzake akarushwa kupitia kioo cha mbele. Hakuna aliyeinuka tena.

Naila Twalibu alikuwa na dakika sita.

Simu ikaita sikioni. Alikuwa Zahoro, mkuu wake, aliyesimama kwenye mnara wa kuongozea ndege, Dar es Salaam.

"Uko wapi?"

"Naingia Msimbu, mzee."

"Ndege ya kutoka Mwanza inashuka. Watu sitini na wanane. Tunaita, rubani hasikii. Wamemhamishia masafa mengine ya redio."

"Na shahidi wetu?"

"Yumo. Usikate simu, binti yangu."

Shahidi huyo alikuwa akienda mahakamani kuwataja vigogo wa magendo ya silaha. Vigogo wakaona bora wafe sitini na wanane kuliko mmoja aseme. Watu wa roho hiyo, hata shetani huwaamkia.

Aliyewafichua ni Hajira, mwongoza ndege. Kazini kwao, rubani akipewa agizo hulirudia neno kwa neno, na aliyelitoa husikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyopita Hajira alimsikia rubani akirudia agizo ambalo yeye hakulitoa. Ndege ilinusurika kwa kuwa kulikuwa kweupe na rubani aliviona vilima vya Kisarawe. Mwingine angenyamaza asije akaulizwa. Hajira alijaza fomu ya usalama, ile isiyomwadhibu mtoa taarifa, akaandika: kuna sauti ya pili. Mafundi wakaifuatilia sauti hiyo mpaka Msimbu.

Leo mawingu yalikuwa yamevifunika vilima vyote.

Nyumba ya bati ilisimama katikati ya shamba la mihogo, antena ikichungulia juu ya paa. Mlinzi alikuwa ameiegemeza AK-47 ukutani, anakojoa. Kisu cha Naila kilimwingia shingoni. Alikufa zipu ikiwa wazi.

Akaupiga mlango teke.

Eliya, mwenye ile sauti ya pili, aliinua macho. Alifukuzwa uongozaji ndege baada ya miaka ishirini, na sauti yake ilikuwa bado na utulivu wa kazi. Kidole kilikuwa kwenye redio. Bastola ya Beretta ililala shubiri moja tu kutoka mkono wake wa kulia.

"Shuka mpaka futi mia nane," alikuwa amemaliza kusema.

Mkono ukaiendea Beretta. Redio ikajibu.

"Nashuka mpaka futi..."

Mkono ukasita. Macho ya Eliya yakarudi kwenye redio, kama yalivyorudi kila siku kwa miaka ishirini. Akasikiliza.

"...mia nane."

Naila akampiga risasi mbili kifuani na moja usoni. Mazoea yana taabu.

Akamsukuma maiti, akabonyeza redio. "Rubani, panda. Unaelekea mlimani."

"Nani mwenzangu?"

Rubani gani angemtii mtu asiyemjua?

"Mzee, mpe Hajira simu. Sasa hivi."

Akafungua spika, akaikandamiza simu kwenye kipaza sauti chenye damu.

"Kapteni, ni Hajira wa mnarani," sauti ilisema bila kutetemeka. "Panda sasa, futi elfu tatu."

Bati likaanza kutikisika. Ngurumo ikaja kutoka mawinguni, ikajaa nyumba nzima, na Naila akafumba macho. Akaomba, jambo asilolifanya mara nyingi kazini.

Ngurumo ikapanda. Ikapita.

"Napanda, futi elfu tatu," rubani alisema, akihema.

"Sahihi," Hajira alijibu. Kisha akasikika akilia.

Zahoro akarudi kwenye simu. "Naila? Unahitaji nini?"

"Gari la maiti, Msimbu. Wanne."

"Sawa."

"Rudia, mzee."

Zahoro akavuta pumzi. "Gari la maiti, Msimbu. Wanne."

"Sahihi."

Akakata simu, akafuta kisu kwenye jani la muhogo, akawasha Boxer na kushika njia ya Kisarawe. Alihitaji fundi wa kioo cha pembeni.