Wavu Ambao Haujafumwa

Shani alianza kwa kumwaga maji. Hakulia, hakususa, alikipokea kikombe vizuri tu, akakiinamisha, akamwaga kidogo sakafuni, akageuka kuutazama mlima kupitia mlango uliokuwa wazi, akanong'ona kitu, ndipo akanywa. Alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili.

"Nani kakufundisha kumwaga maji?" mama yake, Shamsia, akamuuliza.

"Wa chini nao wana kiu," mtoto akasema. Akafuta mdomo. "Leo zamu ya mfongo ni ya nani?"

Shamsia alicheka, maana utafanya nini. Mfongo ni mfereji wa maji wa Wachaga wa huko juu mlimani, kwenye migomba, na Shani alizaliwa Njoro, mjini Moshi, kwenye nyumba ya kupanga ambako maji hutoka bombani yakijisikia. Mwika hajawahi kufika, Marangu hajawahi kufika. Jioni alimweleza mumewe, Yusuph, fundi pikipiki, naye akajibu huku ananawa grisi.

"Kasikia kwa majirani."

"Majirani gani? Mama Basili ni Mpare."

"Basi redioni, mama Shani. Mtoto ana masikio."

Kulikuwa na jambo Shamsia hakulisema, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa pale pale kwenye kona, jeupe, limefunikwa.

Alikuwa mfanya usafi kwenye maabara moja ya utafiti wa ubongo, kwa Dokta Hilda, mtoto wa Mwika aliyesoma nje miaka tisa akarudi na mashine zake. Dokta Hilda hakuwa na maringo. Alipenda kueleza.

"Shamsia, fomu foo baiolojia ulipata nini?"

"D, Dokta."

"Inatosha. Sasa sikiliza. Watu wanadhani katikati ya seli na seli za ubongo ni patupu. Si patupu, kuna wavu. Umeviona vile vifuko vyekundu vya vitunguu sokoni? Bila wavu vitunguu vinatapanyika. Kumbukumbu zetu nazo zimeshikwa hivyo. Mimi nina dawa ya kuuyeyusha ule wavu, nataka kuona kinachobaki."

"Na watoto, Dokta?"

"Mtoto wavu wake haujafumwa bado. Ndiyo maana chochote kinaingia."

Ubongo wa marehemu, uliotolewa na ndugu zao, ulifika kwenye ndoo nyeupe zenye mfuniko wa kubana, na ndoo zikishaachwa tupu zilitakiwa kuchomwa. Hapo ndipo Shamsia alipokosea, kosa ambalo mama yeyote wa Moshi angelifanya, kwa sababu nani anachoma ndoo nzima yenye mfuniko wake? Ya rangi inaoshwa, ya mafuta inaoshwa, inawekwa maji. Alichukua moja, imeandikwa 17 kwa wino mweusi, akaifunika kwa kanga, akaenda nayo nyumbani, akaisugua kwa majivu na sabuni, akaianika siku tatu juani mpaka ikawa haina harufu. Akaweka maji ya kunywa ya Shani.

Wiki ya pili Shani alisahau jina la mwanasesere wake. Baadaye jina la Mama Basili. Siku moja Yusuph alirudi kula mchana akamnyanyua juu kama kawaida yao, na mtoto akakakamaa mikononi mwake kama kuni, akauliza kwa adabu, "Wewe ni wa ukoo gani?" Akipewa ndizi alisema "aika" badala ya ahsante. Na kila alasiri, jua likipiga bati, mfuniko wa ndoo ulifura ukabonyea, tu, tu, taratibu, kama kuna kifua ndani yake, na chumba kikajaa harufu ya majani ya migomba yaliyolowa yakaoza, na chini ya harufu hiyo ikawepo nyingine ambayo Shamsia peke yake aliijua, ile ya dawa ya kuhifadhia maiti, kali, inayokwaruza koo, na alipoinua macho alimkuta mwanawe amekaa kitako mbele ya ndoo, mikono magotini, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za nyumbani.

Ndipo alipomwambia Yusuph kuhusu ndoo. Yusuph hakumpiga, hakufoka. Alisema tu, "Ulimnywesha mwanangu maji ya maiti," na tangu siku hiyo akawa analala upande wa ukutani.

Maalim Alawi wa msikitini aliitwa, akaja baada ya sala ya alasiri, akasoma Kurani, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Shani alitulia kwanza. Kisha sauti ikamtoka, nzito, iliyochoka, wala midomo haikuendana nayo.

"Usinichome, Maalim. Mimi si mgomvi."

"Wewe nani?" Maalim akanong'ona.

"Nimekaa na Eliezeri wa Mwika miaka themanini na moja. Kila mtu ana mwenzake asiyeonekana. Kichwa chake kilikuwa nyumba yangu. Akaanza kusahau, nyumba ikavuja, nikavumilia. Akafa, nikasema sasa tutapumzika kihambani, kwenye migomba. Nikafumbua macho niko kwenye ndoo. Wamezika kichwa kilichojaa pamba."

"Toka kwa mtoto."

"Nitoke niende wapi? Zikeni nyumba yangu nitaifuata. Kwa huyu mtoto nimeingia kwa sababu pako wazi. Lakini kila siku panafumwa, na pakishafumwa nikiwa ndani, sitaweza kutoka hata nikitaka."

Maalim alifunga kitabu chake. "Ichomeni ndoo," akamwambia Shamsia, "na kamtafute mwenye hicho kichwa. Upesi, binti yangu."

Ndoo waliichoma jioni ile ile. Asubuhi Shamsia alimweleza Dokta Hilda yote, hata wizi wa ndoo, akitegemea kufukuzwa. Lakini lilipotajwa jina la Eliezeri, Dokta Hilda akakaa chini.

"Kumi na saba ni baba yangu," akasema. "Nilisaini mwenyewe. Ukoo haujui. Miaka minne ya mwisho aliniita kila jina isipokuwa langu, Shamsia. Nilitaka kujua alikuwa amekwenda wapi."

Wakaenda wote wawili Njoro. Shani alikuwa kizingitini. Alimtazama Dokta Hilda, uso wake mdogo ukakunjuka kwa furaha ya kizee.

"Manka," akasema. "Umekonda. Umekula?"

Manka ni jina alilokuwa akiitwa nyumbani. Dokta Hilda alipiga magoti kwenye vumbi la uani, na gauni lake zuri, akalia kwenye mapaja ya mtoto wa miaka mitatu, na mtoto akawa anampapasa kichwa. Shamsia alisimama. Hakuna aliyemtazama.

Jumamosi walipanda Mwika na gari la Dokta. Dokta Hilda alikuwa na boksi lililofungwa kwa shuka jeupe. Walichimba kando ya kaburi la saruji, katikati ya migomba, wakati ndugu wako msibani kijiji cha pili, na Dokta Hilda akashika jani la isale, lile ambalo Mchaga akilileta mlangoni kwako huwezi kumnyima msamaha, akaomba radhi, akalichomeka juu ya udongo. Shamsia alisoma Fatiha yake kimoyomoyo. Akasubiri mtoto atikisike, aanguke, apige kelele, kitu chochote. Shani alikuwa anachuma majani.

Wakati wanashuka, kwenye kiti cha nyuma cha gari, mtoto akacheka. Kicheko kikavu.

"Leo mmemzika ng'ombe," akasema.

"Anasema nini?" Shamsia akauliza.

"Utoto tu," Dokta Hilda akajibu, macho barabarani.

Shamsia alitaka kuamini, akaamini. Jumapili nzima alimwita mwanawe jina, akamwimbia, akamkalisha mapajani. Shani alimvumilia. Jioni Dokta Hilda akaja na maziwa na ndizi, akaongea na mtoto saa nzima kwa Kichaga, na mara mbili walicheka pamoja.

Jumatatu Shamsia alifungua friji kubwa ya maabara ili aifute, jambo ambalo si kazi yake. Chupa ya mdomo mpana, wanamohamishia ubongo ukitoka kwenye ndoo, ilikuwa mahali pake. 17. Alikaa chini na kitambaa mkononi. Aliukumbuka ubongo wa ng'ombe uliokuwa unaletwa kutoka machinjioni, wa kufanyia mazoezi.

"Nilikuwa nitakwambia," Dokta Hilda alisema mlangoni.

"Nipe nikauzike mwenyewe. Nitapanda gari la abiria. Sitasema kwa ndugu zako, naapa."

"Nilikuomba moyoni unipe hadi Desemba tu. Watu wote wanarudi nyumbani Desemba kwa Krismasi, na mimi ningekaa na baba kama wenzangu."

"Dokta, huyo ni mtoto wangu."

"Najua."

"Nipe."

"Itazame vizuri, Shamsia."

Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani hakukuwa na kitu cha kushika. Kulikuwa na uji wa kijivu, unaozunguka polepole, na dawa ya kuyeyushia ilikuwa bado mezani, kifuniko pembeni.

"Niliogopa utaipeleka," Dokta Hilda akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ameniita jina langu. Nilitaka asiwe na pa kurudi."

Shamsia alitembea kwa miguu hadi Njoro, na mlima ulikuwa wazi mpaka juu, mweupe, hauna wingu hata moja. Hakujua atamwambia nini Yusuph. Shani alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameitanua, mikono magotini, kikombe pembeni.

"Karibu, mgeni," akasema. "Kaa. Umetoka upande wa nani?"

Shamsia akakaa chini, uani. "Naitwa Shamsia," akasema. "Mimi ndiye niliyekuzaa."

Mtoto alimtazama muda mrefu, kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyepotea njia. Kisha akachukua kikombe, akamwaga maji kidogo chini, akampa yeye yaliyobaki.

"Pole sana, mwanangu," akasema Shani.