Anayehamia

Ukiona mtu anaomba mashuka yachelewe kukauka ili apate kukaa kidogo, jua kachoka. Mtandika vitanda wa ile nyumba ya wageni alikuwa amefika hapo. Alikuwa mpya mjini, kazini wakimwita Mgeni, na jioni ile bosi alimtuma sabuni dukani huku akimsindikiza na maneno.

"Watu wanakuuliza mji huu una nini cha kutazama, unawajibu sijui! Jifunze, dada. La sivyo nitatafuta anayejua."

Mgeni alipiga hesabu njiani. Kazi ikienda, na chumba kinaenda, maana alilala pale pale uani, ubavuni mwa karo la kufulia. Na Jumamosi mama yake angemleta mjukuu, binti wa Mgeni, aje kuishi naye. Angemlaza wapi?

Alitoka dukani jua likizama. Chini ya mnara wa saa alisimama ajuza, mgongo umepinda kama wa mchukuzi wa magunia. Mzigo wenyewe hana.

"Shikamoo, bibi."

"Umehamia, au unapita?" ajuza alinong'ona.

"Nimehamia. Hata mji wenyewe siujui."

Ajuza alifumba macho taratibu, kama mtu aliyetia miguu kwenye maji ya moto. "Twende nikuoneshe, mwanangu. Si mbali."

Mgeni aliona bahati imemdondokea. Miguu ilimuuma, lakini alifuata.

"Saa hii haijapiga hata siku moja," ajuza alianza. "Fundi aliyeipandisha alianguka nayo bado inaning'inia. Mkewe akakataza isiguswe tena."

Mgeni akasikia kitu kinamkalia begani. Kidogo tu. Akadhani ni uchovu, na uchovu anaujua.

Kisima kilikuwa nyuma ya soko. Palinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha.

"Walishuka wanawake wawili kuzibua maji. Akatoka mmoja. Hakusema neno mpaka anakufa."

Kile cha begani kikashuka mgongoni... kikajipanga vizuri. Nyuma yao mchanga ulikwaruza. Kwaru. Kwaru.

"Bibi, kuna mtu anatufuata?"

"Si mtu. Ni mji."

Mgeni alitaka kucheka, akashindwa. Hapo ndipo alipomwangalia vizuri mwenziwe. Ajuza alikuwa anatembea amenyooka.

Wakafika darajani, giza limeanza kuingia.

"Nguzo ya kati ilianguka kila ilipojengwa. Mpaka akatiwa mtu ndani yake."

"Nani?"

"Asiye na wa kumuulizia."

Mgeni alishika ukingo wa daraja. "Haya yote, bibi... alikueleza nani?"

Ajuza alitazama maji huko chini.

"Mama yangu. Alinipenda sana, usidhani vingine." Sauti ilikuwa ya msichana sasa. "Wapita njia nimewaeleza mpaka ulimi ukaota sugu. Hawabebi kitu. Mpaka aje anayehamia. Si mnasema wenyewe, mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Akavuka mbio, anacheka.

Mgeni naye alinyanyua mguu amfuate. Mguu ukarudi pale pale. Akajaribu tena. Ukarudi.

Daraja lilikuwa wazi, na yeye havuki.

Kesho yake bosi alifurahi mno. Mgeni alijua kila kitu, mpaka majina ya waliokufa, ambayo ajuza hakumtajia. Aliwasimulia wateja mmoja mmoja, akingoja angalau kupumua. Wapi! Walimshukuru wakapanda mabasi yao, na yeye akabaki ameinama. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia apumzike. Apumzike, eti!

Alimpigia mama yake simu. "Mama, usimlete mtoto."

"Usinichekeshe. Magoti yangu yamekwisha, mwanangu. Mtoto anamtaka mama yake."

Jumamosi basi lilisimama karibu na mnara. Bibi mtu akamteremsha mjukuu, akaubusu uso wa binti yake, akarudi na basi lile lile asiikose safari. Mgeni alikuwa ameapa: hatamweleza mtoto kitu. Si mnara, si kisima. Heri afe amepinda.

"Mama, mbona umeinama hivyo?"

"Kazi, mwanangu. Twende."

"Ile saa mbona haitembei?"

"Sijui."

"Kwani wewe si unakaa hapa?"

Mgeni aliuma ulimi. Alimpenda mtoto yule kuliko roho yake, na kwa hilo asikudanganye mtu. Lakini mgongo ulikuwa unawaka, usiku wa jana hakulala, wala wa juzi, na maneno yalimjaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Jamani, kuchoka nako kuna mwisho wake.

"Fundi aliyeipandisha alianguka," alisema.

Hilo moja tu.

Mgongo ukalegea. Hewa ikaingia mpaka chini kabisa ya mbavu, tamu, na machozi yakamtoka kwa ile raha. Akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama, mkoba wangu umekuwa mzito."

Aliuchukua. Ulikuwa na magauni mawili na kitana, mwepesi kabisa.

"Bado mzito," mtoto alisema, akijipapasa bega tupu. "Halafu ikawaje, mama?"

Mgeni alikuwa anatazama njia ya kwenda kisimani.