Finjani ya Alhamisi

Nyumbani kwa Maftah, pale Mengo, hapakuwa na hata punje ya kahawa tangu Jumatatu. Mkewe Sabah ndiye aliyeitupa yote. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia, na kwa hii ya nne, ya miezi saba, daktari alimwambia aache kafeini. Kwa hiyo Alhamisi ile baada ya adhuhuri, harufu ya buni inayoungua ilipoingia jikoni, alishtuka.

"Labda ni jirani," alijisemea. Jirani husingiziwa mengi.

Akaendelea na latte yake, kahawa ya maziwa isiyo na kahawa. Alikuwa amekaanga shayiri mpaka ikawa nyeusi, akaichemsha na mchaichai, iliki na kipande cha tangawizi, akachuja. Sasa akamimina maziwa ya moto na kuyapiga kwa mchapo mpaka povu likasimama. Kwa macho ungeapa ni kahawa.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Jannat, aliyekwenda msibani Kasubi.

"Mwanangu, usisahau finjani ya mzee."

"Kale, sawa mama. Naiweka sasa hivi."

Mzee mwenyewe alikuwa jini. Babu yake Maftah, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alichanjiana naye udugu kwa desturi ya Waganda: buni moja ilipakwa damu zao, kila mmoja akatafuna nusu. Tangu hapo, kila Alhamisi, finjani ya kahawa chungu iliwekwa kwenye rafu ya ukumbini. Sabah hakuwa na kahawa, na aliona haya kusema ameitupa. Akaijaza finjani latte, akaipandisha rafuni, akacheka peke yake. Jini atajuaje?

Hakuwa amefika mlangoni aliposikia mtu akinywa nyuma yake, fyuu, polepole, kama mzee anayeogopa kuungua. Kisha akamsikia akitema. Povu jeupe lilitiririka ukutani.

Sabah alipompigia simu akilia, Bi Jannat alirudi jioni ile ile akiwa na Maalim Jibril, mwalimu wa madrasa, na wakamkuta Sabah amejikunja chini, mikono tumboni, maziwa yote ya nyumba yameganda, na ile harufu ya kuungua imejaa vyumba vyote hata macho yakawatoka machozi.

"Ulimpa nini?" Bi Jannat alinong'ona.

"Maziwa, mama. Maziwa na shayiri. Nisamehe."

Maalim akafukiza udi, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo rafu ilivyozidi kutetemeka na finjani kugonga mbao, mpaka sauti kavu ikatoka humo ndani ya finjani, sauti ya mtu aliyetukanwa mbele ya watu na hana nia ya kusahau.

"Ndugu yangu alinipa damu na buni. Huyu kanipa maziwa. Maziwa hupewa mtoto. Basi nitakuwa mtoto, tuone ataninywesha nini."

Finjani ikapasuka. Harufu ikakatika papo hapo, nyumba ikatulia, na tumboni mwa Sabah mtoto akapiga teke moja zito.

"Ametoka?" Bi Jannat aliuliza.

"Ametoka ukumbini," alijibu Maalim, akakunja mswala wake bila kumtazama Sabah.

Miezi miwili baadaye alizaliwa mtoto wa kiume, mzima, mzuri wa sura. Maftah alilia kwa furaha. Sabah naye alilia, akajiambia kwamba yale yote yamepita, na akamweka mwanawe kifuani kwa mapenzi yote aliyokuwa ameyaweka akiba kwa miaka.

Mtoto akavuta mara moja, fyuu, polepole. Kisha akayatema maziwa.

Sabah akamjaribu tena, akatema tena. Ngumi yake ya kushoto ilikuwa bado imefumbwa tangu alipozaliwa. Bi Jannat akaifumbua kidole kwa kidole. Ndani mlikuwa na nusu ya buni, mbichi, ina damu.

"Mama, tufanye nini?" Sabah aliuliza.

Bi Jannat aliinuka. Alikwenda jikoni kubandika kahawa.