Asmahani na Swichi Kubwa

Wakati wa likizo Asmahani hakukosa kazi. Asubuhi aliteka maji kwenye bomba la mtaa pale Nguvumali, akafagia ua, kisha akamkunia mama yake nazi. Adhuhuri ilipokaribia, alifunga bakuli la wali kwa kitambaa na kumpelekea baba yake kazini.

Baba yake, Bwana Msafiri, alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi mjini Tanga. Kwa kawaida mngurumo wa mashine ya kusaga mbata, zile nazi zilizokaushwa, ulisikika tangu barabarani. Lakini siku moja ya mwaka 1956, Asmahani alipofika langoni alikuta kimya. Wanawake waliozoea kutia mbata kwenye mashine walikuwa wamekaa juu ya magunia, mikono mapajani.

"Shikamoo, Bi Mwatumu. Kuna nini leo?"

"Marahaba, mwanangu. Jana tulibonyeza kitufe chekundu, mashine ikakataa kusimama. Nusura ivute mkono wa mwenzetu. Baba yako anafunga stata mpya."

Asmahani aliijua stata. Ni kisanduku cha chuma chenye vitufe viwili: cha kijani cha kuwasha mashine, na chekundu cha kuizima. Ndani ya stata ya zamani vyuma vilikuwa vimeungua na kugandana, na mashine haikuisikia tena amri ya mtu.

Alimkuta baba yake ameloa jasho. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa wa homa, na Uweso, mpakizi wa magunia, ndiye aliyekuwa akimsaidia kubeba stata. Baba alimwongoza Asmahani hadi kwenye ujia, mahali ilipokuwa swichi kubwa ya kiwanda. Kutoka pale chumba cha mashine hakikuonekana.

"Nimeizima," alisema. "Simama hapa. Mtu yeyote asiiguse mpaka nije mimi mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nimekuachia amana."

Asmahani aliweka bakuli chini, akasimama mgongo ukutani. Alisikia nyundo ikigonga, kisha spana ikianguka sakafuni, kisha kimya kirefu. Miguu ilianza kumchoka. Mara sauti ya baba yake ikatoka chumbani: "Tayari!"

Moyo wake ukafurahi. Alidhani sasa angemwona akija, lakini hakuja. Aliyekuja, tena mbiombio, alikuwa nyapara wa kiwanda, Bwana Fanueli. Huyu alikuwa jirani yao, baba wa rafiki yake Ruthi. Mara nyingi Asmahani alikuwa amekula nyumbani kwake.

"Shikamoo, Baba Ruthi."

"Marahaba. Nipishe niwashe. Mbata zinaota ukungu na watu wamekaa bure tangu asubuhi."

"Baba amesema mtu asiguse mpaka aje mwenyewe."

"Si umemsikia? Amesema tayari!"

Ni kweli, alikuwa amesikia. Hata yeye aliamini kazi imekwisha. Aliona haya kumzuia mtu mzima kwa jambo ambalo huenda lilikuwa limekwisha. Lakini baba hakusema "mpaka niite." Alisema "mpaka nije."

"Nisamehe, Baba Ruthi. Hajaja."

Wanawake walikuwa wamesogea kusikiliza. "Mpishe mkubwa wako, Asmahani," alisema Bi Mwatumu. "Usitutie aibu."

Bwana Fanueli akanyoosha mkono juu ya kichwa cha mtoto kuufikia mpini wa swichi. Asmahani akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nakuomba, mwulize kwanza! Ukimwuliza akakubali, nitakupisha, na unipige ukitaka."

Nyapara alimtazama kwa hasira. Kisha akaushusha mkono. "Haya. Naenda kumwuliza. Halafu nitamweleza na adabu zako."

Akaenda kwa hatua nzito. Asmahani alibaki pale pale, akihisi macho ya wanawake usoni mwake. 

Bwana Fanueli aliporudi, alikuwa akitembea polepole. Alikaa juu ya gunia, akavua kofia yake.

"Mikono yake yote miwili imo kwenye nyaya," alisema kwa sauti ndogo. "Ile 'tayari' alikuwa akimwambia Uweso aiachie stata, maana imeshika ukutani. Nyaya hajamaliza kuzifunga."

Bi Mwatumu alijifunika mdomo kwa kanga. Kisha akaja kusimama kando ya Asmahani, akamshika bega, wakasubiri pamoja.

Hatimaye baba alikuja, akapandisha mpini kwa mkono wake. Walikwenda wote chumbani. Alibonyeza kitufe cha kijani, mashine ikanguruma. Alibonyeza chekundu, nayo ikatulia. Alirudia tena na tena mpaka aliporidhika, ndipo akawaruhusu wanawake kuanza kazi.

Jioni hiyo Bwana Fanueli alifika nyumbani kwao. Alikataa kiti mpaka aseme lililomleta.

"Asmahani, leo nilikukasirikia, na kosa lilikuwa langu. Haraka ilinifumba macho. Nisamehe."

Asmahani aliinamisha kichwa. Alimgeukia baba yake. "Baba, nilimshika mkono mkubwa wangu. Sikumvunjia heshima?"

Baba alimsogeza karibu.

"Ungemtukana, ungemvunjia heshima. Wewe ulimwamkia, ukamwomba radhi, ukakataa kumpisha. Heshima si kumwachia mkubwa atende lolote. Hata mkubwa hukosea, na anayempenda humzuia kwa adabu." Akamgeukia Bwana Fanueli. "Mimi nilikosea zaidi. Nilipaswa kung'oa fyuzi za swichi, umeme usipite hata ikiwashwa, na kuzitia mfukoni kabla sijagusa waya. Nikaona nitachelewa, nikamwachia mtoto mzigo wa mtu mzima. Sitarudia."

"Na kesho nitatafuta kufuli la ile swichi," alisema Bwana Fanueli. "Ufunguo atakaa nao fundi."

"Vizuri," alisema baba, kisha akamtazama binti yake. "Lakini ujue hili, mwanangu. Kutunza amana wakati hakuna anayekushawishi ni rahisi. Leo kila mtu alikuambia uiache, na wewe mwenyewe ulidhani haina kazi tena, ukaitunza vilevile. Ndiyo maana jioni hii niko hai, nami nitakula chakula changu kwa mkono wangu mwenyewe."