Pumba za Moto

Watu walikuwa wamekwisha kutoka majumbani mwao. Treni tu ndiyo haikuja. Mwaka 1993 kituo cha Kolwezi kilijaa Wakasai waliofukuzwa na wenyeji warudi kwao, wamelala juu ya magodoro kati ya masufuria. Tshibola alivaa vikwembe, vitenge vyake vyote, kimoja juu ya kingine, visiibwe. Stany, mpenzi wake, mwenyeji wa pale, akapenya katikati ya watu, shati limepigwa pasi.

“Chérie.”

“Usiniite vile! Jirani yangu Falonne amekuona mu bustani yangu, na jembe yangu mu mukono. Ulingoja nitoke tu?”

Stany akatazama nyuma. Vijana wa komini, yaani wa mtaa ule, walikuwa wakipiga kila mwenyeji aliyesaidia Wakasai.

“Mboga zinakufa,” akanong’ona. “Niambie tu namna unatiaka pumba.”

Walikuwa wamejuana kwenye mashine ya kusaga, Stany karani, Tshibola akibeba pumba za mahindi zilizotupwa. “Mama, unakulaka ile?” “Hapana, tata, lengalenga zangu ndizo zinakulaka.” Wakacheka, wakapendana. Lengalenga, mchicha wa Tshibola, Stany alikula sana. Namna zilivyolimwa hakuuliza. Tshibola aliozesha pumba shimoni pamoja na majivu, akangoja mpaka ukitia mkono unasikia baridi. Zikiwa bado na moto, huunguza mizizi.

“Toa mu shimo sasa, zikingali moto,” Tshibola alimwambia sasa kwa sauti tamu. “Jaza kwenye mizizi.”

“Zote?”

“Zote, chéri.”

Stany akaondoka. Tshibola akacheka peke yake.

“Unacheka nini?” akauliza mama yake, Mbombo, aliyelala na homa.

“Nimewaachia zawadi wale wametufukuza.”

Kila siku Mama Mwamini, muuza samaki, aliwaletea lengalenga zilizopikwa. Mbombo alitapika kila kitu isipokuwa hizo. Siku chache baadaye Mwamini akaja mikono mitupu.

“Leo hakuna. Bustani imeungua.”

“Bustani gani?”

“Yako, mutoto wangu, ile Stany analima! Ni yeye alikuwa anazituma. Aliogopa bale bavijana. Tena alisema ukijua ni yeye, utazikataa.”

Jioni Stany akaja, majani ya njano mkononi.

“Nilifanya vile ulisema.”

“Najua. Nilitaka uungue weye. Niliona umenifukuza pamoja nao.”

“Mama yako anajua ni weye uliziunguza?”

“Hapana.”

“Utamwambia weye mwenyewe. Hiyo ndiyo nakulipisha.”

“Stany, nisamehe.”

“Treni ikipita Kamina, nitakuwa nimekwisha kukusamehe. Leo bado.”

Lakini alimshika mkono muda mrefu, mbele ya wale vijana, nao wakamwona.

Tshibola alimwambia mama yake ukweli. Treni ikaja hatimaye; Mbombo alifariki njiani, kabla ya Kamina, akazikwa kando ya reli. Tshibola alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, akaolewa na fundi baiskeli, akazaa. Stany alipigwa na wale vijana, akavunjwa taya, kisha akahamia Dilolo, akafanya biashara ya mpakani na kuoa huko. Hawakuonana tena. Kwenye bustani pamejengwa kanisa. Mwamini aliendelea kuuza samaki Manika, palepale Kolwezi.